Buibui wa Mapangoni: Wanatambuliwaje?

Parokia zetu nyingi zina pango la Bikira Maria, na ni nadra kukuta pango la namna hiyo lisilo na buibui. Wanajumuiya wanaosafisha mahali hapo kabla ya mwezi wa Rozari wanalijua hilo vizuri: unaondoa utando Jumamosi, Jumatano umerudi. Hao, hata hivyo, si buibui wa mapangoni kwa maana tunayoikusudia leo. Ni buibui wa kawaida wa kuta, miti na mawe, waliopata kivuli na wadudu wanaofuata taa na maua. Buibui wa mapangoni hasa ni habari nyingine. Wapo ambao ukoo wao wote haujaona jua kwa maelfu ya miaka, na ukiwatoa nje wanakufa.

Swali letu ni hili: mtu akimmulika buibui pangoni kwa tochi, anajuaje ni yupi? Linaonekana kama swali la darasa la tano. Lakini huko Texas, Marekani, jibu lake lilisimamisha ujenzi wa barabara wa karibu dola milioni 15. Na huko Ufaransa, mtu wa kwanza kumpa jina la kisayansi buibui mashuhuri wa mapango ya Ulaya alikuwa padre, ambaye yeye mwenyewe aliokoka kifo kwa sababu alijua kumtambua mdudu. Tutafika huko kote, lakini tuanze na mambo ya msingi.

Kwanza, je, ni buibui?

Buibui ana mwili wa sehemu mbili: ya mbele, ambamo kichwa na kifua vimeungana, na ya nyuma, yaani tumbo. Kati ya sehemu hizo kuna kiuno chembamba sana. Ana miguu minane, yote inaota sehemu ya mbele. Mbele ya miguu ana jozi ya vipapasio vinavyofanana na miguu mifupi, na mbele yake tena mataya mawili yenye meno ya sumu. Mwisho wa tumbo kuna vijichuchu vinavyotoa uzi wa hariri. Hana mabawa, wala hana pembe za kunusia kama mende.

Tunalisema hili kwa sababu pangoni kuna viumbe wawili wanaowachanganya watu. Wa kwanza tunaye huku kwetu. Damon diadema anapatikana Tanzania na Kenya, katika nyufa za miamba, chini ya magogo na ndani ya mapango. Ni bapa kama aliyekanyagwa, anakimbia upandeupande kama kaa, na wengi wakimwona wanapiga kelele kwamba ni buibui mkubwa mwenye sumu. Si buibui. Anatembea kwa miguu sita tu, kwa maana ile jozi ya mbele imekuwa mirefu na myembamba kama mjeledi, nayo anaitumia kupapasa gizani. Vipapasio vyake vimekuwa makucha yenye miiba ya kukamatia mawindo. Hatoi hariri na hana sumu kabisa. Wa pili ni opilioni, mwenye miguu mirefu kama nywele na mwili mdogo wa mviringo. Ukimwangalia kwa makini utaona hana kiuno, mwili wake wote ni kipande kimoja. Naye hatoi hariri.

Wenyeji, wapangaji na wapita njia

Si kila buibui anayekutwa pangoni ni wa pangoni. Wanasayansi huwagawa katika makundi matatu, na mgawanyo huo unasaidia sana hata kabla ya kuangalia umbo. Kuna wapita njia, ambao wameingia kukwepa jua au ukame, au wameanguka tu shimoni, na watatoka au kufa. Kuna wapangaji, wanaoweza kuishi na kuzaliana pangoni vizuri lakini pia wanaweza kuishi nje, mahali penye unyevu na giza kama chini ya mawe au katika vyumba vya chini ya nyumba. Halafu kuna wenyeji, ambao hawapatikani popote ila pangoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika katika daftari si rangi wala ukubwa, bali ni umbali kutoka mlangoni. Pango lina mlango unaopata mwanga, kisha eneo la machweo ambapo bado unaona kivuli cha mkono wako, kisha giza kamili ambapo joto halibadiliki mwaka mzima na hewa imejaa unyevu. Buibui aliyepatikana mlangoni ana uwezekano mkubwa wa kuwa mpita njia au mpangaji. Aliyepatikana katika giza kamili anastahili kuangaliwa mara mbili.

Macho

Buibui wengi wana macho manane, na mpangilio wake ni kama saini ya familia. Buibui warukaji wana macho mawili makubwa mbele kama taa za gari. Buibui wa familia ya Lycosidae, wawindaji wa ardhini, wana manne madogo kwenye mstari wa chini, mawili makubwa juu yake, na mengine mawili nyuma zaidi. Wengine wana sita tu: Loxosceles wana jozi tatu zilizoachana, na wale wadogo wa familia ya Leptonetidae wana manne mbele kwa upinde na mawili yamebaki nyuma peke yake. Mwenye kioo kizuri cha kukuzia na subira anaweza kufika kwenye familia kwa kuhesabu macho peke yake.

Pangoni hesabu hiyo inaharibika. Katika giza la kudumu macho hayana kazi, na vizazi baada ya vizazi yanapungua. Kwanza yanakuwa madogo, kisha yanapoteza rangi nyeusi na kubaki vidoa vyeupe, mwishoni yanatoweka kabisa. Mwaka 1847 msomi wa Denmark, Schiødte, alimweleza buibui asiye na macho kutoka mapango ya Postojna, katika nchi inayoitwa leo Slovenia, akampa jina Stalita taenaria. Familia yake, Dysderidae, kwa kawaida ina macho sita. Huyu hakuwa na hata moja. Wasomi wa wakati ule walishangaa, na ndivyo elimu ya buibui wa mapangoni ilivyoanza.

Ukosefu wa macho huambatana na mambo mengine. Rangi hufifia hadi kuwa manjano hafifu au nyeupe, kwa kuwa rangi nyeusi hulinda dhidi ya jua ambalo huku halipo. Gamba huwa jembamba, na mwili hupoteza maji upesi ukitolewa kwenye unyevu. Miguu hurefuka na kujaa vinyweleo vya kuhisi mtikisiko wa hewa. Mayai huwa machache lakini makubwa, maana chakula pangoni ni haba na mtoto anayezaliwa na akiba ana nafasi nzuri ya kuishi.

Padre Latreille na buibui wa Menard

Si kila buibui maarufu wa pangoni ni kipofu na mweupe. Anayejulikana kuliko wote Ulaya ni Meta menardi, na yeye ni mkubwa, anang'aa, ana rangi ya kahawia iliyoiva inayoelekea wekundu. Mwili wa jike hufikia milimita 15 hivi, na miguu ikinyooshwa inajaza kiganja cha mtoto. Anakaa eneo la machweo, karibu na milango ya mapango, katika mahandaki ya reli, mifereji ya maji taka na vyumba vya chini. Macho yake manane yote yapo. Yaani huyu ni mpangaji, si mwenyeji. Kinachomtambulisha hata kwa asiye mtaalamu ni kifuko cha mayai: cheupe, chenye umbo la tone la maji, kinaning'inia kwa uzi kutoka dari ya pango kama taa ndogo. Watoto wake wakitoka huvutwa na mwanga, wakaenda nje na kubebwa na upepo kwa nyuzi zao. Wakikua, tabia inageuka na wanaukimbia mwanga. Hivyo ndivyo wanavyofika mapango mapya.

Aliyemweleza kisayansi mwaka 1804 ni Pierre André Latreille, aliyezaliwa Brive mwaka 1762 na kupewa upadre mwaka 1786. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mapadre waliokataa kiapo cha Katiba ya Kiraia ya Wakleri waliandamwa, naye akatiwa gerezani Bordeaux mwaka 1793. Daktari wa gereza alimkuta siku moja amezama akimchunguza mdudu mdogo sakafuni. Latreille akamwambia kwamba ni mdudu adimu sana. Daktari akampelekea mdudu huyo kijana mmoja wa mji ule aliyependa elimu ya viumbe, Bory de Saint-Vincent, umri wake miaka kumi na mitano hivi. Kijana alilitambua jina la Latreille kutokana na maandishi yake, akahangaika na jamaa zake mpaka padre yule akatolewa. Waliobaki gerezani pamoja naye walikuwa wamekufa kabla mwezi haujaisha. Mdudu yule anaitwa Necrobia ruficollis, na kaburi la Latreille huko Paris lina kumbukumbu yake, inayomtaja kwa Kilatini kuwa mwokozi.

Baadaye Latreille alifanya kazi katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Paris, akawa profesa, akafa mwaka 1833. Kitabu chake cha mwaka 1796 kilipanga wadudu katika familia kwa kuangalia alama nyingi kwa pamoja, badala ya kuchagua alama moja tu, kama mabawa au mdomo, na kuifanya sheria ya vyote. Tunaona hapo ndipo penye somo kubwa la kazi hii, na mifano ya Meta inalionyesha.

Kwa maana Meta menardi ana ndugu, Meta bourneti, anayekaa mahali pale pale. Kwa jicho la haraka ni mapacha. Menardi huwa na madoa meusi yaliyo wazi mgongoni mwa tumbo na mikanda meusi miguuni. Bourneti ni wa rangi iliyotulia zaidi, isiyo na mikanda iliyo wazi. Lakini kuna menardi waliofifia, na kuna bourneti wenye vivuli vya madoa, na mtu anayetegemea rangi peke yake ataingia matatani. Karibu na mlango wa pango yupo pia Metellina merianae, mdogo zaidi, mwenye mapambo mengi mgongoni, ambaye wageni wengi humpiga picha wakidhani ni mtoto wa Meta. Na yupo Nesticus cellulanus, mwepesi na mwenye rangi hafifu, ambaye jike lake hatundiki kifuko cha mayai darini bali hukibeba nyuma ya tumbo. Kuangalia mama amekiweka wapi kifuko chake ni alama nzuri kuliko rangi, na haihitaji hadubini.

Alama zinazodanganya

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Tumesema kwamba pangoni buibui hupoteza macho, hufifia rangi na kurefuka miguu. Maana yake ni kwamba buibui wa koo mbalimbali kabisa, wakiishi gizani muda mrefu, huishia kufanana. Zile alama zinazoonekana kwanza, zile ambazo mtu angezitaja akiulizwa ameona nini, ndizo zenye thamani ndogo kuliko zote katika kujua ni nani. Zinatueleza buibui anaishi wapi, hazituelezi ni mtoto wa nani.

Mfano mzuri ni buibui wa kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Kisiwa hicho ni cha volkano, na mapango yake ni mirija iliyoachwa na lava: juu iliganda, ndani ikaendelea kutiririka hadi ikaisha. Katika mirija michache ya eneo la Kōloa anaishi Adelocosa anops. Mafrateri wanaosoma Kigiriki watalipenda jina hilo, kwa sababu anops maana yake ni asiye na macho. Alielezwa mwaka 1973 na Willis Gertsch wa makumbusho ya New York, na ni wa familia ile ile ya Lycosidae tuliyoitaja, ambayo kutambuliwa kwake kote duniani kunaanza na macho makubwa. Yaani familia inayojulikana kwa macho, na mwanafamilia asiye nayo.

Alijulikanaje, basi? Kwa alama nyingine. Hafumi utando, anawinda kwa kukimbia kama ndugu zake. Watoto wakizaliwa hupanda mgongoni mwa mama, tabia ya familia hiyo, ingawa kwa siku chache tu. Mataya yake yana meno makubwa matatu. Hata idadi ya mayai inaeleza mambo mawili kwa pamoja: hutaga kati ya 15 na 30, machache sana kwa familia yake, na watoto wanaotoka ni wakubwa kuliko ilivyo kawaida. Wenyeji wa Hawaii nao wanamwita kwa jina lenye maneno maka ʻole, yaani bila macho. Mwaka 2000 aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka Marekani. Chakula chake kikuu ni mnyama mdogo wa jamii ya uduvi anayeishi katika mirija hiyo hiyo, ambaye naye ni kipofu na naye yuko hatarini, na wote wawili wanategemea mizizi na unyevu unaoshuka kutoka juu. Ukijenga hoteli juu yao na kumwaga dawa za bustani, umewafikia bila kutia mguu pangoni.

Alama za siri

Ikiwa rangi, macho na miguu vinadanganya, mtaalamu anategemea nini? Jibu ni viungo vya uzazi, na hatuoni sababu ya kulizungukia jambo hili. Dume la buibui halina kiungo cha uzazi tumboni kama wanyama wengine. Hudondosha mbegu zake juu ya utando mdogo, kisha huzinyonya kwa ncha za vipapasio vyake vya mbele. Dume likikomaa, ncha hizo zinavimba kama glavu za bondia, na ndani yake kuna vijisehemu vilivyojikunja kwa namna ya pekee kwa kila spishi. Jike likikomaa huwa na kibamba kigumu chini ya tumbo, karibu na kiuno, chenye matundu na mirija inayoelekea kwenye vifuko vya kuhifadhia mbegu. Wazee wa fani walikuwa wakisema ni kama kufuli na ufunguo. Wengi leo wanaona mfano huo unarahisisha mno, lakini kwa kazi ya kutambua unatosha: umbo la mirija hiyo hubadilika kutoka spishi hadi spishi hata pale ambapo mwili mzima unafanana.

Ubaya ni kwamba huwezi kuiona mirija hiyo kwa buibui aliye hai anayekimbia ukutani. Lazima auawe, awekwe katika spiriti, kibamba kikatwe na kusafishwa nyama, kisha kiangaliwe kwa hadubini. Na lazima awe amekomaa. Mtoto hana glavu wala kibamba, na katika vitabu vingi vya utambuzi mtoto wa buibui hana jina zaidi ya lile la jenasi. Pangoni, ambapo wanyama ni wachache na hukua polepole, watoto ndio wengi wanaokutwa. Mtu anaweza kutambaa matopeni saa nne, akatoka na buibui watatu, wote watoto.

Shimo katikati ya barabara

Mji wa San Antonio, Texas, umejengwa sehemu kubwa juu ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua yenye asidi kidogo huyayeyusha mawe hayo taratibu na kuacha mashimo, nyufa na mapango, na maji hayo hayo hushuka hadi kwenye hifadhi kubwa ya chini ya ardhi inayonywesha mji. Katika mapango hayo wanaishi makumi ya spishi za buibui wa jenasi Cicurina. Mmoja, Cicurina varians, ana macho manane na anapatikana mahali pengi. Huyo ni rahisi. Wengine ni vipofu, weupe, wadogo, na kila mmoja amefungiwa katika pango lake au mapango machache jirani. Ukiwapanga mezani bila lebo, hakuna atakayekuambia yupi ni yupi.

Mwaka 1980 jike mmoja alikusanywa katika Pango la Popo la Braken. Gertsch yule yule alimweleza mwaka 1992 na kumwita Cicurina venii, kwa heshima ya mtafiti wa mapango George Veni. Spishi nzima ilijulikana kwa jike huyo mmoja. Kisha mlango wa pango ukafukiwa nyumba ilipojengwa. Desemba 2000 serikali ya Marekani iliweka wanyama tisa wadogo wa mapango ya wilaya ile katika orodha ya walio hatarini, na venii akiwemo, ingawa hakuna aliyekuwa amemwona tena.

Mwaka 2012, mafundi wakijenga njia ya kupita chini katika makutano ya barabara kuu mbili, mvua ilifungua shimo katikati ya eneo la ujenzi. Mtaalamu wa mapango alishuka kama mita mbili hivi, akakuta buibui kipofu. Sasa tazameni ugumu wake. Macho hayakusema kitu, maana vipofu ni wengi. Rangi haikusema kitu. Ilibidi buibui auawe na kupasuliwa ili kibamba chake kilinganishwe na cha yule jike wa mwaka 1980. Vikalingana. Pango lake la kwanza lilikuwa kilomita kadhaa kutoka hapo, na miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Ujenzi ukasimama, na wahandisi wakalazimika kuchora upya makutano ili njia ipite juu badala ya kuchimbwa chini.

Watu wengi wa mji walikasirika, na tunawaelewa. Foleni ya magari ni mateso ya kila siku, na buibui wa milimita chache hana sura ya kutetea shauri lake mahakamani. Lakini uamuzi wote, fedha zote, ulisimama juu ya kipande cha gamba kisichoonekana kwa macho. Mtaalamu angekosea upande mmoja, spishi ingefukiwa chini ya lami. Angekosea upande wa pili, mamilioni yangepotea kwa ajili ya buibui wa kawaida. Ndiyo maana tunasema kutambua si mchezo wa kukusanya majina.

Tangu hapo kazi imepata msaidizi. Wanasayansi Pierre Paquin na Marshal Hedin walionyesha mwaka 2004, wakitumia Cicurina hao hao wa Texas, kwamba vinasaba vinaweza kumtambulisha hata mtoto, kwa kulinganisha chembe za mguu mmoja na za jike aliyekomaa anayejulikana. Walionya pia kwamba njia hiyo ina mitego yake, kwa kuwa kinasaba kimoja peke yake hakisimulii historia nzima ya ukoo. Mwaka 2018 Hedin na wenzake walitumia sehemu nyingi zaidi za vinasaba pamoja na umbo, wakahitimisha kwamba Cicurina vespera, mmoja wa wale tisa wa orodha ya serikali, ni yule yule Cicurina madla, mwingine wa wale tisa. Viwili vilikuwa kimoja. Habari ya namna hiyo si aibu kwa Gertsch, aliyefanya kazi akiwa na vielelezo vichache na hadubini.

Ukiingia pangoni

Huku kwetu tuna mapango mengi, kuanzia Amboni karibu na Tanga hadi mirija ya lava ya Suswa huko Kenya, na baadhi ya wasomaji wetu huyatembelea katika safari za vijana. Neno la tahadhari kwanza. Pango lenye popo si mahali pa kuzoea. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, watu wawili waliolitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg na kufa. Vumbi la kinyesi cha popo nalo huleta ugonjwa wa mapafu. Usiingie bila mwenyeji anayelijua pango, na usimshike buibui kwa mkono mtupu. Loxosceles, wenye macho sita katika jozi tatu na mara nyingi alama kama ya fidla juu ya sehemu ya mbele ya mwili, wapo pia Afrika, na sumu yao huweza kuozesha nyama mahali walipouma.

Ukimwona buibui na ungependa mtaalamu amtambue kwa picha, piga kwanza uso kwa karibu, macho yaonekane na kuhesabika. Piga mgongo, kisha ubavu. Ukiweza, piga chini ya tumbo pia, maana kama kuna kibamba utakuwa umempa mtaalamu habari kwamba ni jike aliyekomaa, na kama vipapasio vimevimba atajua ni dume. Weka sarafu au rula kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, jina la pango, umbali kutoka mlangoni, kama kulikuwa na mwanga wowote, kama alikuwa kwenye utando au anatembea, na utando wenyewe ulikuwa wa umbo gani: wa duara, wa shuka, au nyuzi zilizotapakaa bila mpango. Kama amebeba kifuko, andika amekibeba kwa mataya au nyuma ya tumbo. Kama kimening'inia darini, usikiguse.